Kufungia Kitabu Kabatini Si Kutubu

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na wote waliowafuata kwa wema. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, nenda msikiti wowote wa mkoa huu wa Ruvuma, kuanzia Songea mpaka Litumbandyosi na kuteremka hadi Mbamba Bay, utakuta kabati la vitabu. Rafu ya juu ina misahafu, rafu ya kati ina juzuu za watoto wa madrasa. Lakini rafu ya chini, nyuma ya makaratasi yaliyoanza kuliwa na mchwa, ina vitabu na vijitabu ambavyo siku hizi hakuna anayevifundisha, wala hakuna aliyewahi kusema kwa nini vimeachwa. Mwezi huu tunakusudia kusema juu ya rafu hiyo ya chini. Na kwa kuwa mwanadamu huliona kosa la jirani upesi kuliko la kwake, tutaanza kwa jirani, kisha turudi nyumbani.

Huko Marekani liko kanisa liitwalo Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo watu wengi hulijua kwa jina la Wamormoni. Lilianzishwa mwaka 1830 na Joseph Smith. Kwetu Afrika Mashariki si geni tena: kitabu chao kikuu kimetafsiriwa kwa Kiswahili, na mwaka 2025 hekalu lao la kwanza nchini Kenya lilifunguliwa mjini Nairobi. Wanaokaribishwa humo leo ni watu weusi kama sisi, na wanakaribishwa kwa heshima. Lakini haikuwa hivyo siku zote.

Mwaka 1852 kiongozi wao wa pili, Brigham Young, alitangaza hadharani kuwa mtu mweusi hawezi kupewa ukuhani katika kanisa hilo. Alitangaza hivyo ingawa katika uhai wa Joseph Smith walikuwapo watu weusi wachache waliopewa, na mmoja wao, Elijah Abel, alipewa mwaka 1836. Kwa kuwa amri isiyo na sababu huwasumbua watu, sababu zikatafutwa. Wapo waliofundisha kuwa watu weusi ni kizazi cha Kaini aliyelaaniwa. Wapo waliofundisha kuwa roho zetu hazikuwa shujaa katika maisha ya kabla ya kuzaliwa duniani, ndiyo maana tukaletwa katika ngozi hii. Maneno hayo hayakubaki midomoni, bali yaliingia vitabuni, na mtoto aliyezaliwa katika kanisa hilo aliyasoma kama dini.

Kitabu kilichojulikana zaidi katika hivyo ni Mormon Doctrine cha Bruce R. McConkie, kilichotoka mwaka 1958. Mwandishi alikipanga kama kamusi: ukitaka hukumu ya jambo lolote, unalitafuta kwa herufi yake. Wakubwa wa kanisa lenyewe hawakukipenda. Walimpa mmoja wao kazi ya kukikagua, naye akahesabu makosa zaidi ya 1,000, na mwaka 1960 ikaamuliwa kisichapwe tena. Lakini uamuzi huo haukutangazwa kwa waumini. Mwaka 1966 kikatoka chapa ya pili, kikiwa kimerekebishwa hapa na pale. Chapa ya kwanza ilikuwa imelitaja Kanisa Katoliki kuwa ndilo kanisa la Shetani. Katika chapa ya pili neno hilo likaondolewa kimya kimya, bila ya mwandishi kumwambia msomaji kuwa jana nilikosea. Majirani zetu wa hapa Mbinga, ambao wengi wao ni Wakatoliki, watatuelewa tukisema kuwa mtu aliyetukanwa sokoni hatosheki kwa kusikia kuwa mtukanaji sasa amenyamaza. Ama mafundisho juu ya watu weusi, hayo yaliachwa yakaendelea kuchapwa.

Mwezi Juni 1978 kiongozi wao, Spencer W. Kimball, alitangaza kuwa marufuku ya ukuhani imeondolewa. Miezi miwili baadaye McConkie mwenyewe alisimama mbele ya walimu wa dini na kuwataka wayasahau yote yaliyosemwa zamani kinyume na tangazo hilo, yawe yamesemwa na yeye, na Brigham Young au na mwingine yeyote. Kitabu kikarekebishwa tena, kikaendelea kuuzwa miaka mingine zaidi ya 30, mpaka mwaka 2010 kilipoacha kuchapwa. Na ilipofika Desemba 2013 ndipo kanisa lilipotoa andiko rasmi la kuzikana zile nadharia za laana na za maisha ya kabla ya kuzaliwa. Kutoka 1978 hadi 2013 ni miaka 35. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa tangazo alikuwa keshakuwa mtu mzima mwenye watoto, na katika miaka yote hiyo kitabu cha babu yake kilikuwa bado kipo sebuleni.

Wako watu wengi waliotoka katika kanisa hilo, na miongoni mwao wamo walioandika habari zao. Mtu angedhani kuwa kinachowauma ni kosa lenyewe. Ukiwasikiliza vizuri utaona kuwa wengi wao wanajua kuwa binadamu hukosea. Malalamiko yanayorudiwa sana ni mengine. Walifundishwa jambo kuwa ni dini, wakalibeba, wakalitetea mbele ya wenzao, kisha walipouliza wakaambiwa kuwa hayo hayakuwa mafundisho ya kanisa bali ni maoni ya mtu. Waliokuwa wakiyafundisha hawakuwarudia kuwaambia, "Tulikufundisheni vibaya." Vitabu vilitoweka madukani, na waliovisoma wakaachwa peke yao na waliyoyasoma.

Hatuyasemi haya kwa kushangilia. Allah (S.W.) ametuamrisha katika Suratul-Maida, Aya ya 8, kuwa chuki juu ya watu isitufanye tukaacha uadilifu. Uadilifu ni kukiri kuwa watu wale hatimaye waliandika, wakachapisha, na andiko lao linasomwa na kila mwenye kulitaka. Swali letu ni je, sisi tumeandika nini?

Atasema msemaji: "Sisi Kitabu chetu hakibadiliki." Ni kweli, wal-hamdulillah. Qur'ani imehifadhiwa na aliyeiteremsha. Lakini rafu ya chini haina Qur'ani. Ina vitabu vya watu, na vitabu vya watu vina kupatia na kukosea. Imam Malik (Allah amrehemu) alifundisha kuwa kila mtu maneno yake huchukuliwa na hurejeshwa, isipokuwa Mtume (S.A.W.). Tukiyakubali maneno hayo kwa ulimi, basi tuyakubali na katika karatasi zetu wenyewe.

Wema waliotangulia hawakulionea haya jambo hili. Imam Shafii, ambaye Waislamu wengi wa Afrika Mashariki wanafuata madhehebu yake, alitunga na kufundisha Iraq, kisha alipohamia Misri akayapitia upya, akaacha mengi katika aliyokuwa akiyasema. Mpaka leo wanafunzi wa fiqhi hujifunza kauli yake ya zamani na kauli yake mpya, kila moja kwa jina lake, na hakuna aliyesema kuwa Imam amepungukiwa. Abul-Hasan al-Ash'ari naye alikuwa miongoni mwa Mu'tazila kwa miaka mingi, na inasimuliwa kuwa alipobainikiwa alipanda mimbari katika msikiti wa Basra, mbele ya watu, akatangaza kuwa ameyaacha aliyokuwa akiyasema.

Na hoja kubwa kuliko hizo imo katika Suratul-Baqara, Aya ya 159 na ya 160. Allah (S.W.) anawakemea vikali wanaoificha haki baada ya kubainishwa, kisha anawavua katika kemeo hilo wenye kutimiza mambo matatu: waliotubu, wakatengeneza, na wakabainisha. Angalia, ndugu yangu, kuwa la tatu halikutupwa. Aliyekosea chumbani mwake atubie chumbani mwake. Ama aliyekosea kwa karatasi na kipaza sauti, toba yake haikamiliki mpaka abainishe.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1908, muda mfupi baada ya Vita vya Maji Maji kuiacha Songea na makaburi na njaa, ilienea katika nchi hii iliyokuwa chini ya Wajerumani barua iliyosemwa kuwa imetoka Makka. Lindi ilikuwa miongoni mwa vituo vyake vikuu. Barua ilisimulia ndoto, ikatangaza kuwa Kiyama kimekaribia na ikawataka watu watubie. Kutubia ni jambo jema, lakini kumzulia Mtume (S.A.W.) ndoto si jambo jema. Masheikh wakubwa, akiwamo Sheikh Abdul-Aziz bin Baz, waliandika kuukanusha wasia wa jinsi hiyo hiyo unaonasibishwa na Sheikh Ahmad wa Madina. Pamoja na hayo, umeendelea kunakiliwa kwa mkono, kisha kwa fotokopi, na leo kwa simu za mkononi, ukiahidi mali kwa mwenye kuusambaza na msiba kwa mwenye kuupuuza. Ni misikiti mingapi imesoma mimbarini kuwa ni uongo? Karatasi tumeitoa ukutani, lakini mwenye kuiamini tumemwacha na hofu yake. Hali ni hiyo hiyo kwa vitabu vya falaki na hirizi vilivyokuwa vikishikwa na wazee wetu: tumeviondoa machoni pa watu, wala hatukukaa na wazee kuwaeleza.

Na lipo linalotuhusu sisi wenyewe wa harakati hii, na hapa kalamu inakuwa nzito. Zamani, tulipokuwa wapya na wenye hamasa, tulidurufu waraka uliosema kuwa swala haisihi nyuma ya imamu anayesoma maulidi na khitma. Waraka ule ulifika vijijini kabla ya elimu. Wapo ndugu wa tumbo moja walioacha kuswali pamoja. Wapo vijana waliokataa kusimama nyuma ya babu zao katika swala ya jeneza. Baadaye tuliposoma zaidi tuliona kuwa wanazuoni tunaowategemea, akiwamo Sheikh Ibn Taymiyya, hawakusema hivyo: wameisahihisha swala nyuma ya mwenye bid'a ambayo haijamtoa katika Uislamu. Tukaona pia kuwa Ibn Umar (R.A.) aliswali nyuma ya al-Hajjaj, na dhulma ya al-Hajjaj inajulikana. Msimamo wetu juu ya maulidi haukubadilika, lakini hukumu ile ya swala ilikuwa ni kosa.

Tukafanya nini? Tukaacha kuugawa. Basi. Hatukuandika mstari mmoja wa kuurejesha. Aliyekuja kuuliza tulimwambia, "Waraka huo ni wa zamani." Wako vijana waliotuacha wakaenda zao, na tulijipa moyo kwa kusema kuwa dunia imewateka. Huenda. Lakini huenda pia walituona tukigeuka bila kusema tumegeuka, wakahofia kuwa haya tunayowafundisha leo nayo yatakuwa ya zamani kesho.

Kwa hiyo tunasema hapa, kwa maandishi, katika jarida lile lile linalobeba jina letu: hukumu ile tulikosea, na tunaomba msamaha kwa Allah (S.W.), kisha kwa maimamu tuliowavunjia heshima na familia tulizozitenga.

Tunapendekeza mambo matatu kwa kila jamaa ya msikiti. Kwanza, rafu ya chini ikaguliwe na wenye elimu, wala vitabu visichomwe ovyo wala kutupwa, kwani vingi vina Aya na majina ya Allah, na kuvipoteza ni kuupoteza ushahidi wa tulikotoka. Kilichokosewa kiandikwe karatasi ya masahihisho, ibandikwe jalada la ndani. Pili, kosa lililotangazwa Ijumaa lirejeshwe Ijumaa, na aliyelitangaza ndiye alirejeshe maadamu yu hai. Tatu, na hili ndilo gumu, mtu aende kwa miguu yake mpaka nyumba iliyogawanyika kwa sababu ya neno lake, abishe hodi, aseme. Karatasi haimwombi mtu msamaha.

Wapo watakaosema kuwa tukifanya hivi maadui watatucheka na wafuasi watapungua. Tunawajibu kuwa kiongozi hapunguzwi na kurejea katika haki, na kwamba muumini aliyewahi kumsikia imamu wake akisema "nilikosea" atamwamini siku atakaposema "hili ni la Allah na Mtume wake." Asiyewahi kulisikia neno hilo atavipimaje vitu viwili hivyo?

Tunamwomba Allah (S.W.) atuonyeshe haki kuwa ni haki na aturuzuku kuifuata, atuonyeshe batili kuwa ni batili na aturuzuku kuiepuka, na azikutanishe tena safu zilizotawanywa na kalamu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.