Kichaka cha City Park si uchafu

Mvua za masika zikishapita na majani yakarefuka, hukosi kumsikia mtu Nairobi akilalamika kwamba City Park imegeuka pori na inafaa kufyekwa. Walalamikaji hawana nia mbaya. Wanaamini, kama tulivyozoezwa wengi wetu tukifyeka uwanja wa shule ya msingi, kwamba mahali pasafi ni mahali peupe. Kichaka ni maficho ya wezi, makao ya nyoka na chimbuko la mbu. Bustani halisi ni nyasi fupi, bogonvilia zilizopangwa mstari na mawe yaliyopakwa chokaa. Imani hii ni potofu, tena inatugharimu.

Tuanze na wezi, maana hoja hiyo ndiyo nzito. Mwanamke anayekatiza bustanini peke yake jioni ana haki ya kuogopa. Lakini mwizi hafichwi na majani. Hufichwa na upweke. Ushahidi uko karibu, ng'ambo kidogo tu ya Muthaiga. Miaka ya tisini ukitaja Karura watu walitetemeka: msitu wa majambazi, msitu wa kutupia maiti. Kisha Huduma ya Misitu ya Kenya ikashirikiana na wakazi waliojiunga katika Friends of Karura. Ukajengwa ua wa umeme, wakawekwa walinzi, njia zikatengenezwa na ada ikaanza kutozwa langoni. Siku hizi familia nzima huendesha baiskeli humo Jumapili. Msitu wenyewe haukufyekwa. Kinyume chake, mikaratusi imekuwa ikiondolewa ili miti ya asili irudi, na mbega wakaletwa kuishi humo tena.

Nyoka naye hufuata panya, na panya hufuata takataka. Mbu hutaga kwenye maji yaliyotuama: katika mkebe, tairi kuukuu au mtaro ulioziba. Fyekeo halizoi taka wala halizibui mtaro.

Sasa tuangalie kinachokatwa. City Park ni kama hekta 60 tu, lakini ndani yake kimebaki kipande cha msitu wa asili uliokuwepo kabla ya jiji. Humo mna muhugu, mti ambao wachonga vinyago waliutafuta kwa ugumu wake hadi ukaanza kuadimika. Muhugu hukua polepole mno, na mche wake mchanga ni kijiti tu machoni pa mwenye fyekeo. Yeye hupimwa kwa ukubwa wa eneo alilomaliza. Hakuna anayemuuliza amekata nini.

Na miche hiyo haikuota kwa bahati. Mtazame kima, yule ambaye wageni humrushia njugu na ndizi. Akikuta tunda limeiva, hasimami kulila palepale. Hulishindilia kwenye kifuko cha shavu, huongeza jingine, hurukia mti wa pili, kisha hutafuna kwa utulivu huku akitema mbegu mojamoja chini. Shorobo, ndege mwenye mabawa mekundu, hufanya kazi hiyohiyo kwa njia yake. Kazi yote hiyo huishia kwenye tabaka la majani makavu na vichaka vya chini ambalo sisi tunaliita taka. Ukiliondoa kila mwaka, juu utabaki na miti mirefu ya kupendeza, lakini ni wazee wasio na wajukuu. Ikianguka, hakuna wa kushika nafasi yake.

Tena kufyeka hakuleti hata huo usafi unaotamaniwa. Palipofyekwa jua hupiga chini, na wa kwanza kuingia ni lantana, mgeni kutoka Amerika ya tropiki. Ukilikata shina lake huchipua upya, zito kuliko mwanzo, na mwaka unaofuata malalamiko huanza tena: pori limerudi. Pori hilo tumelipanda wenyewe.

Lipo pia jambo ambalo mkazi wa Nairobi hahitaji kufundishwa. Ardhi iliyofyekwa hufanana na ploti, na ardhi inayofanana na ploti hupata bikoni. City Park imekwisha nyofolewa vipande, ingawa ni turathi ya taifa inayolindwa kisheria, na ingawa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais, alitaka kuzikwa hapo karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto, aliyeuawa mwaka 1965. Mnyakuzi hupenda sana kusikia kwamba mahali fulani ni pori tu, halitumiki. Wangari Maathai na wenzake walipopigwa Karura mwaka 1999 wakipanda miti, waliowapiga walikuwa wakilinda hoja hiyohiyo.

Sisemi fyekeo litupwe. Kata majani kando ya njia, mtu aone mbele yake. Ng'oa lantana na mizizi yake. Zibueni mitaro, zoeni taka, rekebisheni ua, na askari wa bustani awepo hadi lango lifungwe. Hayo ndiyo yatakayomlinda yule mwanamke wa jioni, na fedha zake zianzie kwenye zile za kufyeka msitu.

Serikali inataka tupande miti bilioni 15 ifikapo 2032. Novemba 13, 2023 tulipewa hata siku ya mapumziko ya kitaifa ili tushike majembe. City Park miche ya asili inajipanda yenyewe, bila hotuba wala kamera, nasi tunawalipa watu waikate.