Mbwa Aliyevunjika Mguu: Maumivu Yazuiwe, Yasingojewe



Juma hili tunajibu ulizo linalorudi mara kwa mara katika mikutano yetu: mbwa wa parsele akigongwa na pikipiki, mfupa ukivunjika, na jamaa ikikubali apasuliwe, tumsaidieje asiteseke? Wengine hucheka wakisikia habari za maumivu ya mbwa. Lakini huyo ndiye anayelinda nyumba tukilala, na watoto wanamhesabu kama mwenzao. Tena, mbwa mwenye maumivu hali wala halali, hulamba kidonda mpaka nyuzi zikakatika, na anaweza kumuuma hata mtoto anayempenda. Kwa hiyo jambo hili ni la nyumba nzima.

Tuanze na hili: kulala kwa dawa si sawa na kukosa maumivu. Mbwa akilazwa usingizi, yeye hajui kitu, lakini mishipa ya fahamu ya mguu inaendelea kupeleka habari za maumivu kwenye uti wa mgongo. Habari hizo zikizidi, mwili unakuwa mwepesi wa kuumia, na akiamka hata kuguswa kidogo kunamtesa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ndiyo maana waganga wa wanyama hutibu maumivu kwa nyakati tatu.

Kabla ya kupasua, munganga hupiga sindano kali ya kutuliza maumivu, ya jamii ya morfini. Wakati wa kupasua, huongeza dawa ya ganzi, kama lidokaini au bupivakaini, karibu na mishipa ya fahamu ya mguu ule. Kwa mguu wa nyuma anaweza kuidunga mgongoni, kama walivyodungwa mama wengi waliozaa kwa kupasuliwa. Baada ya kupasua, hutoa dawa ya kupunguza uvimbe na maumivu, kama meloksikamu au karprofeni, kwa siku kadhaa. Kila dawa hufunga mlango wake, na zikisaidiana, kila moja hutosha kwa kipimo kidogo.

Basi, kabla ya kulipa, tumuulize munganga maulizo matatu: Utampa nini kabla ya kumkata? Utatumia ganzi pamoja na dawa ya usingizi? Tutarudi nyumbani na dawa gani, kwa siku ngapi? Kuuliza si utovu wa heshima.

Sasa tusikilizane vizuri juu ya vidonge vya watu. Mbwa akilia usiku, mkono unakimbilia haraka mfuko wa dawa za nyumba. Tusifanye hivyo. Ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo zake. Parasetamoli ikizidi huharibu ini lake, na kwa paka hata kidogo huua. Hata dawa yenye jina moja inadanganya. Kwa kawaida mbwa hupata miligramu 0.1 za meloksikamu kwa kila kilo ya mwili wake kila siku, baada ya kipimo cha kwanza kinachopangwa na munganga. Kwa mbwa wa kilo 15 ni miligramu 1.5. Lakini kuna kidonge cha watu cha miligramu 15: hicho ni mara kumi! Tena dawa hizo hazichanganywi na aspirini wala deksametazoni. Tumpe pamoja na chakula, na akitapika, akikataa kula au akitoa mavi meusi, tuisimamishe na kumwita munganga siku ileile.

Mbwa hasemi, na wengi hudhani akinyamaza amepona. Sivyo. Wengi huficha maumivu. Waganga wa Chuo Kikuu cha Glasgow, huko Uskoti, walitengeneza karatasi ya kumpimia mbwa pointi: sauti yake, namna anavyoangalia kidonda, anavyotembea, anavyojibu akiguswa, hali ya moyo wake na namna anavyokaa. Jumla ni pointi 24, na akifika 6, afikiriwe kuongezewa dawa. Nyumbani daftari la shule linatosha. Asubuhi, mchana na jioni tuandike: amekula? amelala vizuri? anakanyaga mguu? anatetemeka au anahema bila jua? Mtoto anayejua kuandika anaweza kufanya kazi hiyo akiwa mbali kidogo, na munganga atafurahi kuisoma.

Kuna pia msaada usioomba dawa. Siku mbili au tatu za kwanza, barafu iliyofungwa katika kitambaa iwekwe karibu na kidonda kwa dakika 10 hadi 15, mara chache kwa siku. Alale mahali pakavu na laini. Atoke kwa kamba tu, polepole, kwenda haja. Mfupa wa mbwa mzima huomba majuma 6 hadi 8 au zaidi kushikana. Dawa ikifanya kazi atataka kuruka: tusimwachie, kwa sababu maumivu yamepungua lakini mfupa bado.

Mwisho, usalama wetu. Kumbeba mbwa aliyevunjika, tumfunge mdomo kwa kitambaa, isipokuwa anatapika au anahema kwa shida. Watoto wakae kando. Akimuuma mtu, tuoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, halafu twende kituo cha afya siku hiyohiyo, kwa ajili ya ugonjwa wa kichaa cha mbwa. Na mbwa wetu apate chanjo yake kila mwaka, kabla ya ajali.

Tukutane juma lijalo. Maulizo yenu mtuletee kwenye mkutano, kama kawaida.