Nani alikuambia una aleji?

Kliniki ya wajawazito, Kyela, saa tatu asubuhi. Joto la ziwa limeshaanza kupanda na benchi limejaa. Mama mwenye mimba ya miezi mitano anafika mezani na kadi yake. Nesi, ambaye foleni yake bado ndefu, anauliza bila kuinua kichwa: "Mama, una aleji na dawa yoyote?"

"Ndiyo nesi. Salfa."

Kalamu inaandika: aleji, salfa. Vile vidonge vitatu vya SP, dawa yenye salfa ndani yake, ambavyo angevimeza palepale, vimkinge yeye na mtoto dhidi ya malaria, vinabaki kwenye kopo. Anaitwa anayefuata.

Hakuna aliyemuuliza mama yule alikunywa nini, mwaka gani, kikampata nini. Na ukiwauliza watu kumi pale nje, wote watakuambia nesi amefanya vizuri, maana tumelelewa na "tahadhari kabla ya hatari". Mimi nasema hakufanya vizuri, na nalisema nikijua jinsi manesi wetu wanavyochoka. Imani ninayoipinga ni ile inayodai kwamba kumnyima mtu dawa kwa sababu ya neno aleji hakumgharimu mtu kitu. Kwamba anayekosea kwa kuepuka amekosea salama. Mama yule amerudi bila kinga kwenye nyumba iliyozungukwa na majaruba ya mpunga na mbu wake. Malaria ikijificha kwenye kondo la nyuma, mama huishiwa damu, mtoto huzaliwa na uzito pungufu, na mara nyingine mimba huharibika. Siku hiyo ikifika, hakuna daftari litakaloandika kwamba chanzo ni neno lililotamkwa mezani kwa nusu dakika.

Hofu ya salfa ina historia, na siwalaumu wanaoibeba. Waliougua malaria miaka ya 1980 na 1990 wanaikumbuka klorokwini: umeimeza jioni, usiku kucha unajikuna nyayo na viganja kana kwamba umelazwa kwenye upupu. Mwasho ule uliwapata Waafrika wengi mno, na ulikuwa tabia ya dawa yenyewe. Haukuwa kinga ya mwili kuipiga dawa vita. Mwaka 2001 serikali ikaiondoa klorokwini, usugu ukiwa umeshaishinda, ikaileta SP. Zikaanza habari za watu kubabuka ngozi kama walioungua moto. Hazikuwa uzushi mtupu. Salfa huweza kweli, kwa nadra sana, kuleta ugonjwa uitwao Stevens-Johnson, ambao huichuna ngozi, hutoa vidonda machoni na mdomoni, na huua. Lakini kila aliyetokwa na kipele, kila aliyetapika, kila aliyesikia ya jirani, akajiandikisha kwenye kundi la wenye aleji. Mwishoni mwa 2006 dawa mseto ikachukua nafasi ya SP katika tiba. Hofu ikabaki, ikarithishwa kama shamba. Leo Iringa mjini utamsikia binti wa miaka 20, ambaye hajawahi kumeza salfa hata mara moja, akisema: "Sisi kwetu ukoo mzima hatutumii salfa."

Kiswahili chetu nacho kina sehemu yake. "Dawa imenikataa" ni kauli yenye nguvu, lakini imebebeshwa mambo yasiyo na undugu. Kwinini ikimlilia mtu masikioni, imemkataa. Flajili ikimchafua tumbo na kumwachia ladha ya chuma mdomoni, imemkataa. Akizimia kwa kuiogopa sindano, imemkataa. Hayo ni maudhi ya dawa, au ni woga, na yana dawa yake. Aleji ni jambo jingine. Ile ya haraka huja ndani ya dakika chache hadi saa moja hivi: mwili unaumuka mabaka ya kuwasha, midomo na kope zinavimba, kifua kinabana na kupiga filimbi, presha inaanguka. Hiyo hutibiwa kwa adrenalini, nusu miligramu kwa mtu mzima, kwenye msuli wa paja, papo hapo. Wanaompa mgonjwa Piriton na kusubiri waone wanacheza na roho ya mtu. Ile ya polepole huja baada ya siku au wiki kadhaa: homa, vipele vinavyogeuka malengelenge, vidonda mdomoni na machoni. Ikishakuwa hiyo, dawa iliyoileta haiguswi tena mpaka kaburini, na hapo sina ubishi na mtu.

Ubishi wangu unahusu umati uliochanganywa na hao.

Tuitazame penisilini. Kule Marekani, karibu mtu mmoja kati ya kumi ameandikwa kwenye faili kwamba ana aleji nayo. Wakipimwa ipasavyo, zaidi ya tisa katika kila kumi hukutwa wanaivumilia. Hata wale walioipata kweli ile ya haraka, takriban wanane katika kumi huwa imewatoka miaka kumi ikishapita. Watu hushtuka wakisikia hili. Wamezoea kuidhani aleji kuwa kama alama ya kuzaliwa, wakati kinga ya mwili husahau.

Neno lenyewe huanza hivi. Mwezi wa saba, Iringa, baridi imekaza, mtoto wa Kihesa ana homa na kikohozi. Virusi. Anapewa amoksilini ya maji ambayo hata haikuhitajika. Siku ya tatu mwili mzima vipele. Mara nyingi ni virusi haohao waliovileta, lakini dawa ndiyo iliyokuwa mezani, na mama anaambiwa: huyu usimpe tena penisilini. Mtoto anakua nalo. Analipeleka shuleni, jandoni, kwenye ndoa.

Na gharama? Turudi kliniki ya wajawazito. Mama akikutwa na kaswende, dawa pekee inayoaminika kumponya yeye pamoja na mtoto aliye tumboni ni benzathini penisilini, yuniti milioni 2.4, sindano ya takoni. Mwenye aleji iliyothibitika hulazwa, akazoeshwa dawa kidogo kidogo chini ya uangalizi, kisha akachomwa. Mwenye aleji ya kusimuliwa hupewa erithromaisini, akaondoka na moyo mweupe, na mtoto tumboni akabaki bila tiba ya uhakika. Anaweza kuzaliwa mfu. Halafu yupo kijana ambaye valvu za moyo zimeharibiwa na homa ya baridi yabisi. Sindano hiyohiyo ndiyo inayomlinda, kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka. Neno moja kwenye faili linatosha kumkatia kinga hiyo.

Mtu akiniambia kwamba haya ni mambo ya hospitali kubwa za ng'ambo, namwambia aende CTC, kliniki ya wenye VVU, iliyo karibu naye. Mikoa yetu imeumizwa na VVU kuliko mingine: utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta maambukizi kwa watu wazima ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati nchi nzima ni 4.4. Na wenye VVU ndio hasa ambao salfa huwatoa vipele mara nyingi zaidi. Hata hivyo Septrin, ambayo nayo ni salfa, huwakinga na nimonia na maradhi ya ubongo, kwa hiyo wahudumu hawakuwa na anasa ya kuandika "aleji" na kufunga faili. Walilazimika kutazama. Vipele vikavu bila homa, mdomo mzima, macho mazima? Mgonjwa huangaliwa, na vikishapona dawa huweza kurudishwa kwa dozi ndogo zinazopandishwa hatua kwa hatua. Vidonda mdomoni na ngozi inayochubuka? Septrin imekoma hapo, moja kwa moja. Enzi za nevirapini, mgonjwa aliyeanza alimeza nusu dozi kwa siku 14 za mwanzo, kwa sababu kila mtu alijua ngozi ingeweza kulalamika.

Kliniki za kifua kikuu zinafundisha zaidi. Mgonjwa ameanza dawa nne kwa pamoja, wiki ya pili anatoka vipele vikubwa. Husimamishiwa zote, anaachwa apone, kisha hurudishiwa moja moja, kwa dozi ndogo kwanza, mpaka mkosaji ajulikane. Hakuna daktari anayemwambia mgonjwa wa TB, "una aleji ya dawa za TB, nenda nyumbani," kwa sababu wote wanajua nyumbani kuna kifo. Kinachoniumiza ni kwamba utaratibu huu unafanyika katika jengo moja, na hatua hamsini kutoka hapo, dirisha la wagonjwa wa nje, neno la mtu linaandikwa kama hukumu. Maarifa tunayo. Hayavuki uwanja.

Chanjo zina kisa chao, kifupi zaidi. Mtoto amechomwa ya wiki sita, usiku anapata homa, paja linavimba, na wiki ya kumi mama harudi: "Chanjo ilimkataa." Homa ile ni mwili unaojifunza kazi. Aleji kali ya chanjo ipo, lakini hesabu zake ni kama mtu mmoja katika dozi milioni moja, na karibu zote hutokea mapema, ndiyo maana mtoto anatakiwa akae kidogo palepale kituoni kabla ya kubebwa mgongoni kurudi Mbalizi au Kilolo. Ukiona mama anaharakishwa kuondoka, mkalishe. Kituo kisicho na adrenalini kabatini kinastahili kelele zetu kuliko chanjo.

Najua nitakavyojibiwa, kwa sababu nimeshajibiwa hivyo na muuguzi ninayemheshimu: "Kaka, mgonjwa akinifia mkononi, utakuja kunitetea wewe?" Swali lake ni la haki. Simwambii ajaribu. Wala simwambii mwenye duka la dawa muhimu ajaribu, na msomaji usijaribu nyumbani kwako hata siku moja. Ninachodai hakihitaji maabara: aulize. Dawa gani hasa? Lini? Ilichukua muda gani baada ya kuitumia? Nini kilitokea, na je, ulilazwa au ulichomwa sindano ya kukuokoa? Halafu lile ambalo watu hulisahau: tangu siku hiyo umewahi kunywa amoksilini, au Ampiclox? Utashangaa ni wangapi "wenye aleji ya penisilini" ambao wamenunua Ampiclox pale Mwanjelwa kila walipoumwa jino, na haikuwafanya kitu. Ampiclox ni penisilini mbili ndani ya kidonge kimoja. Mtu huyo amejipima mwenyewe mara kumi bila kujua.

Atakayebaki na shaka ndogo, yaani kipele cha utotoni kisichokuwa na uvimbe wala kubanwa kifua, apelekwe kwa daktari, hospitalini, penye adrenalini. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Australia na Amerika Kaskazini: wagonjwa wenye hatari ndogo kama hao walipewa penisilini ya kumeza moja kwa moja, bila kuanza na kipimo cha ngozi, na usalama ukawa uleule. Kipimo hicho cha ngozi ni adimu kwetu. Kidonge, kiti na mtu wa kuangalia saa tunavyo. Na atakayekutwa ana aleji ya kweli aandikiwe habari kamili kwenye kadi, jina la dawa na kilichotokea, na taarifa iende TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ili maumivu yake yamsaidie mwingine.

Mimi mwenyewe nimelibeba neno hilo tangu darasa la pili. Kila hospitali niliyoingia nililitaja kabla ya jina la baba yangu, na niliwahi kulazwa siku tisa kwa nimonia nikichomwa dawa za gharama kwa ajili yake. Hakuna aliyeniuliza nani aliniambia. Mwaka jana daktari mmoja kijana aliuliza, nikakosa jibu, nikampigia mama Tukuyu nikiwa bado nimekaa mbele yake.

"Penisilini?" mama akasema. "Mwanangu, wewe uliumwa surua. Vipele vilianza usoni Jumanne. Sindano walikuchoma Alhamisi."