UNYEVU WA GHALA TUNAULETA WENYEWE

Ndugu wanachama,

Msimu huu maneno yamekuwa mengi mbele ya ghala. Kila robota la tumbaku likifunguliwa na kukutwa na ukungu, tunasema paa linavuja. Wengine wanasema ni mvua za Mungu, hapa Mtendeli zinaanza Oktoba au Novemba na kwenda hadi Mei, sasa tufanyeje? Paa tulipanda, tukalikagua bati kwa bati. Tundu lilikuwa moja, tukaliziba. Lakini ukungu uliendelea, tena kwenye marobota yaliyokuwa mbali na lile tundu. Kwa hiyo tunasema wazi: maji mengi yaliyomo ghalani yamepita mlangoni, juu ya vichwa vyetu na baiskeli zetu.

Wako wanaonyunyizia tumbaku maji usiku ili uzito uongezeke. Na wako wasio na nia mbaya ila wana haraka: jani limekauka, uti wa kati bado mbichi, wao wanafunga. Sisi tunaoandika haya nasi tumo. Robota letu moja lilikataliwa sokoni. Katikati lilikuwa jeusi, na moto kama chungu kilichotoka jikoni. Tulilifunga jioni ya mvua. Hasara yetu tuliistahili. Lakini lilikaa wiki tatu juu ya marobota ya mama mmoja mjane, na mawili ya kwake yakaota ukungu. Yule mama alikosa nini? Tumemlipa nusu, na nusu bado tunadaiwa.

Ndugu, tumbaku hunywa maji ya hewani na kuyatoa tena. Hata matajiri wanaovuta sigara kubwa za Cuba wana kisanduku cha mbao cha kuzitunzia. Humo wanataka unyevu wa hewa uwe kama 70 kwa 100. Ukipungua sana, jani linapasuka. Ukizidi, ukungu unaota. Ukizidi hawalaumu mvua: wanatoa kile chombo cha maji kilichomo, wanafungua kifuniko, wanaacha hewa kavu iingie. Ghala letu ni kisanduku hichohicho, ila kikubwa, na wenyewe ni wengi.

Sisi tunapendekeza hivi:

1. Mlangoni kila robota lipimwe kwa uti. Ukivunjika kwa mlio, umekauka. Ukipinda tu, robota lirudi nyumbani. La katibu likiwa bichi, nalo lirudi, tena lianze hilo.

2. Marobota yakae juu ya mbao, mbali na ukuta. Sakafu ya saruji huvuta maji ya ardhini.

3. Milango ifunguliwe mchana wa jua kavu, ifungwe kabla ya jioni. Siku ya mvua isifunguliwe kwa kisingizio cha kupitisha hewa, maana hewa hiyo ndiyo yenye maji.

4. Chumvi kavu iwekwe kwenye kisahani ndani ya ghala. Chumvi safi huanza kulowa hewa ikifika kama 75 kwa 100. Ikilowa, tumbaku iko hatarini. Kipimo hiki hakihitaji kisomo wala fedha.

5. Kila wiki mtu wa zamu atie mkono katikati ya marobota. Lenye joto lifunguliwe siku ileile, majani yatandazwe, lisingoje kikao.

Najua atakayesema: uzito ni pesa yangu, mnanipangia nini? Jibu letu ni kwamba maji yale hukauka kabla ya soko, na yasipokauka huozesha jani na daraja linashuka. Mwingine atasema tumbaku kavu mno inasagika. Kweli. Hatusemi jani liwe kama unga. Jani liwe laini mkononi, lakini uti uwe mkavu.

Samaki mmoja akioza, huoza wote. Methali hii tunaipenda tukisema ya wenzetu. Safari hii samaki alikuwa wetu.

Jambo hili liingizwe kwenye mkutano mkuu ujao, likatwe shauri. Asiyekubaliana nasi asinong'one kilabuni. Chini ya karatasi hii tumeacha nafasi, na kalamu imefungwa kwa uzi hapo msumarini. Aandike.

Katibu