Kabla Hujatupa, Kwangua Kwanza

Mwezi huu nakupa siri yangu. Kaskazi iliyopita nusura nilitupe jaani kopo la asmini, na moyoni nilikuwa nakaribia kuitupa na ndoa.

Asmini yenyewe aliipanda mume wangu kwenye kopo la rangi, mwaka tuliooana, hapa Mji Mkongwe. Mwanzoni nilikuwa nachuma kila jioni, natunga kikuba, zinazobaki namwaga kitandani. Si mnajua mambo yetu Waunguja! Kisha mwenzangu akapata kazi Dar. Akawa anakuja na boti kila Ijumaa, halafu Ijumaa moja moja, na simu zikawa za "Umekula?" "Nimekula." Basi.

Januari jua likawa kali, upepo mkavu, mvua hakuna. Mrehani wangu ukafa. Asmini ikapukutika majani yote, vikabaki vijiti. Nikalibeba kopo niende kulitupa. Mlangoni nikakutana na bibi jirani.

"Mwanangu, ushaukwangua?"

Akachubua gome kwa ukucha. Vijiti vya juu vilikuwa kahawia, vinakatika kama njiti za kiberiti. Lakini karibu na shina, chini ya gome, kijani kibichi.

"Huu haujafa. Una kiu."

Tangu siku hiyo naitazama miti kwa jicho jingine. Mti hupoteza maji kupitia majani. Maji yakiadimika, wengine huachia majani ili shina lipone. Mibuyu ya Makunduchi, juu ya yale mawe, hukaa mitupu kwa miezi huku maji yamo shinani. Muhogo hupukutika, wanga wake umelala ardhini. Kiazi kikuu ndiyo kabisa: juu kila kitu kinakauka, utadhani shamba limekwisha, kumbe kiazi kinangoja mvua. Mshubiri huficha maji ndani ya jani lenyewe. Mrehani hufa kweli, lakini huacha mbegu. Hata Ulaya ni hivyo hivyo: kwenye baridi kali maji ya ardhini huganda, mizizi haiwezi kunywa, na miti mingi hujivua majani mapema ili isikaukie wima. Baridi yao na kaskazi yetu, ugonjwa ni mmoja: kiu.

Lakini tusidanganyane, kuna kinachokufa. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Iliyong'oka haikufufuka kwa kumwagiliwa. Ilibidi kupanda upya, na mkarafuu huchukua miaka kabla ya kuzaa. Kwa hiyo shoga yangu, na wewe kaka, kama ndani ya nyumba kuna kipigo, huo mti umeshang'oka. Usikae unamwagilia kuni.

Yangu haikuwa hivyo. Yangu ilikuwa kiu.

Jioni ile nikalihamishia kopo kivulini, nikakata vijiti vilivyokufa, nikamwagilia kidogo kidogo. Mti usio na majani haunywi sana. Ukiufurikisha, mizizi inaoza. Kisha nikampigia mume wangu. Sikumuuliza kama amekula.

"Nina hamu na wewe," nikamwambia, "na nina hasira na wewe. Nianze na lipi?"

Akanyamaza. Nikadhani simu imekatika. Halafu akasema, "Anza na hasira, hamu nije niisikilize huko huko." Tukaongea mpaka vocha ikaisha.

Masika ilipoingia, asmini ikatoa jani la kwanza. Maua bado. Mume wangu naye bado yuko Dar, na kuna Ijumaa boti inatia nanga bila yeye. Lakini siku hizi nikisikia kimya, sikimbilii jaa. Nakwangua kwanza.

Na wewe je, huyo wako umeshamkwangua, au umeangalia vijiti vya juu tu?

Tukutane mwezi ujao, inshallah.