Matcha ya Kila Siku: Tusinunue Jina

Siku hizi unga wa chai ya kijani kutoka Japani, uitwao matcha, unasifiwa mno. Husemwa kwamba hupunguza unene, husafisha damu, na hata huzuia saratani. Wauzaji huongeza kuwa anayetaka faida hizo hana budi kunywa kila siku ule wa "daraja la sherehe". Mimi naona hapo familia zinashauriwa vibaya.

Kwanza tuujue unga wenyewe. Hutoka katika mchai uleule unaolimwa Kericho na Mufindi. Tofauti ni matunzo. Huko Uji, karibu na Kyoto, michai hufunikwa ipate kivuli kwa muda wa majuma matatu hivi kabla ya kuchumwa. Majani hupitishwa kwenye mvuke, hukaushwa, huondolewa vijiti na mishipa, kisha husagwa kwa jiwe. Jiwe moja hutoa gramu 40 tu hivi kwa saa. Ndiyo maana ni ghali, na tangu mwaka 2024, wanunuzi walipozidi duniani, bei imepanda zaidi.

Lakini "daraja la sherehe" ni neno la biashara tu. Halina kipimo cha kisheria hata huko Japani, na kila muuzaji hulibandika apendavyo. Wajapani wenyewe nyumbani hunywa zaidi sencha, bancha na hojicha, yaani chai za majani zenye bei nafuu. Unga ulio bora huandaliwa katika hafla ya chai. Mwenye Heri Justo Takayama Ukon, aliyefukuzwa nchini humo mwaka 1614 kwa ajili ya imani na kutangazwa mwenye heri mwaka 2017, alikuwa hodari wa hafla hiyo. Chumba chake cha chai alikitumia pia kwa sala. Alichokitafuta humo kilikuwa utulivu wa moyo, wala si kupunguza unene.

Sasa afya. Anayekunywa matcha humeza jani zima, si maji yake tu. Kijiko kidogo, gramu 2 hivi, kinaweza kuwa na miligramu 60 za kafeini au zaidi. Mama mjamzito ashike ushauri wa kutozidi miligramu 200 kwa siku, akihesabu pia kahawa na chai nyingine. Tena chai huuzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga. Kwa hiyo mwenye upungufu wa damu asiinywe pamoja na chakula. Angoje saa moja au zaidi. Watoto wadogo wasipewe. Kuhusu saratani, haijathibitishwa kwamba chai hii huizuia, na katika unene msaada wake ni mdogo sana.

Anayeipenda ladha yake na ainywe bila hofu, kikombe kimoja au viwili. Maji yasiwe yanatokota. Yaache yapoe kidogo. Usiijaze sukari. Ukichanganya na maziwa, unga wa daraja la kawaida watosha kabisa.

Lakini baba au mama asipunguze chakula cha watoto ili anunue kikopo cha "sherehe". Fedha hiyo ingeleta nyumbani maharage, dagaa, mchicha na machungwa. Hivyo ndivyo vinavyojenga damu. Chai ni kiburudisho; tusiigeuze kuwa dawa.