Lenzi Imechubuka Bodi, Kwani Picha Inapigwa na Bodi?

Wadau, leo tuliongee hili. Kuna mpiga picha mmoja wa harusi hapa mjini, jina tunaliweka kapuni, ambaye haishi kuposti maboksi mapya. Juzi kijana wa Chwaka kamuuliza kwa adabu kabisa: lenzi ya mtumba iliyochubuka rangi, inafaa kuanzia kazi? Majibu aliyopewa na mashabiki! "Utaenda na kopo hilo kwenye harusi za watu?" Vicheko mpaka chini.

Mie nasema wazi: aliyeuliza ana akili kuliko waliocheka.

Picha inapita kwenye vioo, haipiti kwenye rangi. Bodi ikichubuka, maandishi yakafutika, mpira wa kuzungushia ukalegea, picha ni ileile na bei inashuka. Hata mkwaruzo mdogo wa kioo cha mbele mara nyingi huuoni kwenye picha, labda upige ukielekea jua, hapo picha itapauka kidogo. Kioo cha nyuma ndicho cha kuogopa, maana kiko karibu na sensa.

Sasa kwetu pwani adui mkubwa ni unyevu, chumvi na mchanga. Pale Chwaka maji yakitoka unashuka ghubani kupiga picha kina mama wa mwani, upepo unakurushia chumvi, mchanga unaingia kwenye pete ya kufokasi. Ukirudi ukaifungia lenzi kwenye begi bichi wakati wa masika, ukungu unaota ndani ya vioo kama nyuzi za buibui. Na hauchagui, mpya au kuukuu. Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi.

Soko la samaki Chwaka hakuna mjuzi anayenunua samaki kwa kung'aa magamba. Anafunua mashavu kwanza. Na lenzi ifunue hivyohivyo:

– Washa tochi ya simu, imulike upande mmoja, chungulia upande wa pili. Vumbi kidogo si kitu. Ukiona nyuzi au utandu wa maziwa, rudisha.
– Zungusha pete taratibu. Ikikwaruza kama kuna sukari ndani, huo ni mchanga.
– Tazama vibati vinavyofungua na kufunga tundu la mwanga. Vikiwa na mafuta, vitaganda.
– Angalia skrubu. Vichwa vikiwa vimelika, kuna fundi kashaingia humo.
– Ifunge kwenye kamera yako, fungua tundu mpaka mwisho, mfano f/1.8, piga ukuta wenye maandishi. Kuza picha, kagua pembe zote nne.

Muuzaji akikataa usijaribu, muage kwa salamu.

Simsemi vibaya anayenunua mpya. Mpya ina dhamana, na mwenye pesa yake halali anunue tu, mashallah. Ninachokataa ni kumtia kijana aibu mpaka akakope, halafu harusi tatu za mwanzo anafanya kazi ya kulipa deni. Tofauti ya bei hiyo ingemnunulia betri ya akiba, boksi lisilopitisha hewa na vile vipakti vya kunyonya unyevu.

Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, watu mpaka leo wanazungumzia picha zake. Umeshamsikia mtu akiuliza bodi ya lenzi yake ilikuwa na mikwaruzo mingapi?

Na nyie maharusi, mkitafuta mpiga picha msimkague begi. Mwambieni awaonyeshe harusi moja nzima, kuanzia akdi mpaka usiku taa zimefifia. Hapo ndipo mtajua nani anajua kazi na nani anajua kufungua maboksi.

Haya, uwanja wenu. Wewe ungechukua ipi: iliyochubuka nje, au inayong'aa ina ukungu ndani?